Gari la Madoa la Balangida

Kuna msimu mmoja wa kulima niliamini, kwa akili zangu zote pamoja na masomo yangu yote ya jioni, kwamba watu wa kiwanda fulani cha magari huko Ulaya walikuwa wamekuja kwa siri kulijaribu gari lao jipya kwenye ziwa Balangida, na kwamba wangerudi.

Msinicheke kabla sijatoa ushahidi. Habari ilikuja kwenye simu, kwa Kiingereza. Ilihusu gari la spoti la daraja la kati, si lile dogo la kuanzia wala lile la matajiri waliochoka na utajiri. Gari hilo lilikuwa linatengenezewa ndugu yake mkali, wa kukimbizwa kwenye viwanja vya mbio. Chini palikuwa na picha: gari lina madoa meusi na meupe kutoka pua hadi mkia, limesimama juu ya ardhi nyeupe, tambarare, isiyo na mti wala nyumba.

Sasa mtu aliyezaliwa Hanang akiona ardhi ya namna hiyo, aseme ni wapi? Kiangazi Balangida hukauka, chumvi ikabaki juu inameremeta, na upepo wa pale ukichukua kofia yako, kesho yake anaivaa mtu wa Singida. Mimi hata sikusoma mpaka mwisho. Nilipatambua nyumbani.

Nikampelekea baba mkubwa, ambaye zizi lake linatazama ziwa na shamba lake la chini liko katikati ya barabara na chumvi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Lete." Aliishika simu mbali na uso, kama anavyomtazama ng'ombe mnadani. "Geuza nione ubavu."

"Picha haigeuki, baba."

"Basi aliyepiga si mfugaji."

Alitazama mpaka skrini ikazima. Nikaiwasha, akaendelea. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Huyu ni wa kwetu."

Lazima nieleze. Kwetu ng'ombe wa mtu hawalali zizi moja wote. Unamkabidhi rafiki mtamba, anamtunza, anakunywa maziwa, na kuanzia siku hiyo mmekuwa ndugu. Babu yangu aliwahi kumkabidhi mtu mtamba wa madoa hayo hayo. Yule mtu akahama na mifugo yake kutafuta malisho, asisikike tena. Kwa fikra za baba mkubwa, mambo yalikuwa wazi: ukoo wa yule bwana ulitembea ukafika mbali, ukafungua kiwanda, lakini rangi ya mtamba haukuisahau.

"Wanarudi kutuamkia," alisema. "Shamba la chini silimi. Ndugu humkatii njia kwa plau."

Na shamba la chini ndilo lilikuwa chakula cha nyumba nzima, mahindi na maharage ya mwaka. La juu lilikuwa la mawe na alizeti chache zenye huzuni. Mawingu yalikuwa yameanza kukalia mlima Hanang, na jirani zetu wote walikuwa shambani na ng'ombe wao. Sisi tulikuwa tunafagia njia. Kweli, tulifagia. Baba mkubwa aliondoa hata mavi ya punda, akisema gari lililo chini namna ile litajikwaa.

Mama mkubwa alikuja kutusimamia, mikono kiunoni.

"Hilo gari linabeba watu wangapi?"

Nikasoma kwa fahari. "Wawili, mama. Viti vya nyuma vimeondolewa kupunguza uzito. Na redio. Na mazulia."

"Ni la bei nafuu, basi."

"Hapana, ni ghali kuliko lenye viti."

Jirani aliyekuwa anapita akasimamisha baiskeli kwa kuburuza kandambili. "Sikilizeni. Hii yangu haina breki, haina kengele, wala kiti cha nyuma. Kumbe mimi ni tajiri na hamniambii."

"Limekonda," alisema baba mkubwa, akimtetea ndugu yake. "Limetoka safari."

"Na huku nyuma lina nini?" mama mkubwa aliuliza, akigusa skrini ya simu. "Hili bati."

"Ni bawa, mama. Linalikandamiza chini lisiruke."

"Lisiruke," alirudia polepole. "Watu wametoa viti ili liwe jepesi, halafu wakaweka bati ili liwe zito. Na ninyi mmeacha kulima kwa ajili ya watu hawa."

Habari ilifika kijiji cha Dirma, na kule ikanenepa: magari yamekuwa kumi, yanakunywa maziwa. Wazee walianza kuja kwetu kuulizia siku. Baba mkubwa akawa anavaa koti lake la kanisani kuanzia asubuhi. Kila aliyekuja alinigeukia mimi, msomi wa nyumba, nami nilijibu, "Karibuni tu," kwa utulivu wa mtu aliyepigiwa simu na kiwanda.

Kisha tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya koti. Mama mkubwa aliingia ndani. Alitoa nira, akaiegemeza mlangoni, akaniambia, "Kesho unakwenda Mbulu kuchukua cheti chako cha masomo ya jioni. Muulize mwalimu wako siku. Ukirudi bila siku, nalima mimi, na ng'ombe wasipotosha nitakufunga wewe."

Mwalimu wangu wa Kiingereza, mama aliyehamishiwa Mbulu kutoka Mtwara na ambaye mpaka leo anavaa sweta mbili, nilimkuta ofisini akipasha vidole kwa kikombe cha chai. Nilimwamkia, nikampa simu, nikamweleza yote: chumvi, mtamba, njia tuliyofagia, mvua iliyoanza. Hakucheka. Alisoma habari yote, akashuka mpaka yale maandishi madogo chini ya picha ambayo mimi sikuwahi kuyafikia. Akanirudishia simu.

"Hiyo nyeupe ni theluji," alisema. "Hayo madoa ni karatasi wamelibandika ili watu wasione umbo lake. Na habari yenyewe ni uvumi, kiwanda hakijasema kama kitalitengeneza. Hakuna anayekuja. Mpigie baba yako mkubwa sasa hivi, mwambie alime."