Bi Shwari na Ghuba Iliyorukwa

Kazi yangu ni kunoa. Jiwe langu lina gurudumu, nalisukuma mtaa kwa mtaa, na penye kisu butu ndipo penye riziki yangu. Shule niliiacha ningali nahesabu kwa vidole, basi ukiona nimepinda njia nivumilie, nitarudi. Mnoaji husikia mengi, maana watu wakimzoea humwona kama kigoda, wanaongea tu kana kwamba hayupo. Ndivyo nilivyomjua Bi Shwari.

Hilo ni jina la utani. Kila asubuhi alisoma redioni hali ya bahari, na penye maji yaliyotulia alimalizia kwa neno "shwari", akilivuta taratibu kama mtu anayetandika shuka. Mwenyewe hakuwa shwari hata chembe. Ukimkanyaga kwa bahati mbaya utamwomba radhi yeye. Ukimkanyaga kwa makusudi, utamwomba Mungu.

Studio yao niliwahi kuingia, nilipoitwa kunoa mkasi wa ofisini. Kijichumba tu, kutani wamebandika trei za mayai ili sauti isirudi, na feni lazima izimwe wakati wa kusoma, la sivyo itanguruma mpaka hewani. Mama wa watu alisoma huku jasho likimchuruzika mpaka kidevuni. Karatasi ililetwa na ofisi ya hali ya hewa, nayo ilieleza bahari kuu nzima, upande wa mawio hadi wa machweo, pamoja na bahari za jirani: ya kaskazini, ya visiwa, na ghuba. Alizisoma zote, hata zisizo na jambo. "Ghuba: hakuna kimbunga kinachotarajiwa. Mawimbi madogo. Shwari."

Sababu ipo. Zamani kidogo meli moja ilizama katika bahari ya visiwa. Wakubwa wakaamuru bahari ile isisomwe mpaka ndugu wa mabaharia wapelekewe habari majumbani. Watu wakasikia imerukwa, wakashangaa. Walipoelewa ni kwa nini, walikuwa wanalia. Tangu hapo mtaa ule, ambao vijana wake wengi wako melini, una kanuni yake. Bahari ikitajwa, hata kwa ubaya, mtu wako bado yupo mahali. Isipotajwa, toa viti nje.

Sasa redio ikapata meneja mpya, na meneja mwenyewe ni mtoto wa dada yake Bi Shwari. Siku hiyo nilikuwa uani kwa dada mtu, nanoa visu vya jikoni, kijana akaja na shati lake lililonyooka.

"Mama mdogo, kuanzia kesho tusome penye kimbunga tu. Pasipo na kitu tutasema nini?"

"Tutasema hakuna kitu."

"Hiyo si habari."

"Muulize mama yako hapo kama si habari. Mdogo wako yuko melini, ghuba."

"Nimepata tangazo la magodoro. Wanataka nafasi ile ile."

"Watu wenye wana baharini hawalali," akasema Bi Shwari. "Godoro la nini?"

Mama mtu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilizungusha jiwe kwa nguvu nisionekane. Meneja hakucheka.

"Kazini mimi ni bosi wako, mama mdogo."

"Kazini, sawa. Hapa ni mimi niliyekuogesha. Na iwe huko au huku, sisomi nusu."

"Basi atasoma mtangazaji wa mpira."

"Asome! Atatuambia kimbunga kimefunga bao la kichwa."

Kesho yake nilirudi uani pale kumalizia kisu kilichobaki na panga la jirani. Redio ya dada mtu ilikuwa dirishani kama kawaida, mwenyewe anachambua mchele kwenye ungo. Mtangazaji wa mpira akaanza mbio mbio: bahari ya visiwa ina kimbunga, kinaelekea magharibi, vyombo vidogo visitoke. Kisha muziki, na sauti ya mtu anayesifu magodoro.

Mkono wa yule mama ukakwama mcheleni.

"Na ghuba?" akaiuliza redio.

Redio ikaendelea na godoro lake. Ungo ukaanguka. Jirani wa kwanza alikuja na maji, wa pili na kiti, wa tatu alikuja analia tayari, maana naye alisikia kwake. Simu ya baharia haishiki mtandao mpaka meli ifike bandarini, kwa hiyo hapakuwa na wa kumpigia. Muda si muda ua ulijaa, na mtu mmoja akaniomba nisogeze jiwe langu wapate kupanga viti.

Bi Shwari aliingia mbio.

"Dada, nyamaza! Nimewapigia simu ofisi ya hali ya hewa. Ghuba haina hata upepo wa kupepea moto."

"Unanificha."

"Mimi nikufiche wewe?"

"Mwaka ule si walituficha? Kama ni kweli, mbona redio haikusema?"

Nilimwona Bi Shwari akikaza kitambaa kichwani.

"Redio hii isizimwe," akasema. "Atakayeizima nitaanza naye." Akatoka.

Kituo hakikuwa mbali, nyuma ya soko tu. Tukakaa, kilio kikipanda na kushuka. Redioni walikuwa wanapiga wimbo wa mapenzi, na muziki ule ukakatika ghafla, tukasikia mlango ukigonga ukuta.

"Zima feni," ilisema sauti tuliyoijua.

"Bi mkubwa, tuko hewani," akanong'ona fundi mitambo.

"Kwani nimekuja kununua nyanya? Zima feni."

Kisha viatu, na sauti ya meneja, anahema.

"Mama mdogo, toka kwenye kiti. Kesho tutatoa masahihisho."

"Kesho mama yako atakuwa amekwisha kuzika mtu mzima ambaye sasa hivi anakula."

"Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze nikimaliza."

Hapo uani, mama mtu akasimama wima katikati ya viti vya msiba, akaielekezea redio kidole.

"We mtoto! Mwache mama yako asome!"

Sijui kama mtu husikia kupitia redio. Ila meneja alinyamaza. Karatasi ikakwaruza mezani. Kisha Bi Shwari akasoma, bila haraka, bahari kuu yote, upande wa mawio hata wa machweo. Akasoma bahari ya kaskazini: ngurumo za mbali, hakuna kimbunga kinachotarajiwa. Akasoma bahari ya visiwa na kimbunga chake, bila kupunguza ubaya wake. Watu walishika mikono ya wenzao.

"Ghuba," akasema, akavuta pumzi. "Hakuna kimbunga kinachotarajiwa. Mawimbi madogo. Shwari."

Aliyeanza kucheka ni yule aliyekuja analia tayari. Dada mtu alifuta uso kwa kiganja, akatazama watu. "Mnangoja nini? Rudisheni viti vya watu. Na wewe mzee, kisu changu bado?"

Bi Shwari alisimamishwa kazi hadi mwisho wa mwezi. Barua aliisoma amesimama mlangoni pamoja na aliyeileta, akairudisha, akamwambia amwambie bosi wake aje kula jioni, mama yake ana maneno naye. Kijana alikwenda. Hakuomba radhi na wala hakuombwa, walikula.

Juzi nimepita kwa Bi Shwari, mkasi wake umekuwa butu. Adhabu haijaisha. Alikuwa amekaa na redio mapajani, mtangazaji wa mpira anasoma, na kila bahari ikitajwa anakunja kidole kimoja. Nikataka kumsalimu, akanizuia kwa mkono ule ule wenye vidole vilivyokunjwa. Ghuba ilipotajwa, akafunga ngumi.

"Ameimeza 'shwari' kama panadoli," akasema, "lakini ameisema."

Sauti ya magodoro ikaingia. Bi Shwari akaegemea ukuta, akanipa mkasi.

"Haya," akaiambia redio. "Sasa lete godoro lako."