Nasinyari na Wino Mwekundu

Harufu ya kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha mzeituni pori ndiyo inayonirudisha Karatu ya utoto wangu. Shangazi, aliyenichukua kutoka kwetu Olbalbal, bonde la wafugaji wa Kimasai, ili nisome, alikuwa akiuza maziwa karibu na stendi, na kila alfajiri alisugua vibuyu vyake kwa kijinga chenye moto kabla ya kumimina maziwa. Moshi ule uliingia kwenye sare yangu na haukutoka, maana ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini na sabuni ilikuwa adimu kuliko asali. Wenzangu wa mjini walisema nanuka moshi. Mimi nilisema wao hawanuki chochote, na hiyo nayo ni hasara. Nilikuwa darasa la tano, mfupi kuliko wote, miguu myekundu kwa matope ya Karatu, na mbishi wa kupindukia.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Elia, alitoka Kilimanjaro na sanduku la mbao lililojaa vitabu vya hadithi. Ndiye aliyenifundisha kupenda kusoma, na haki yake hiyo simnyimi. Ijumaa alifungua sanduku, nasi tukagombania vitabu vilivyolegea kurasa, vyenye harufu ya mafuta ya taa. Nilivisoma vyote, na nilipomaliza nilijua jambo moja: uchawi wote mzuri ulikuwa wa wavulana. Wavulana walipaa, walipewa pete za ajabu, walipasua tumbo la zimwi. Msichana alikuwa wapi? Tumboni, anasubiri. Na mwanamke akiwa na uwezo wake mwenyewe, basi ni kizee cha jino moja, na ukurasa wa mwisho kinachomwa moto watu wanacheza ngoma. Nilikasirika, na kusema kweli sijaacha kukasirika mpaka leo.

Kwa hiyo Mwalimu Elia alipotuambia tutunge hadithi za ajabu, na kwamba itakayoshinda itasomwa siku ya wazazi, nilichonga penseli yangu kwa wembe nikaanza siku hiyohiyo. Nilimtunga Nasinyari, binti mchunga ndama wa Olbalbal. Zimwi lilikuwa limekunywa maji yote ya bonde, ng'ombe wanaanguka mmoja mmoja. Morani, vijana wapiganaji wa Kimasai, walilichoma mikuki, mikuki ikapinda. Nasinyari akachukua kibuyu, akachutama chini ya ng'ombe wa mama yake, akakamua huku akiimba, na kwa uchawi uliokuwa mkononi mwake maziwa hayakukoma. Zimwi kwa ulafi wake likanywa, likanywa tena, mpaka likatapika maji yote liliyoiba. Nilimtumia mama ujumbe kwa dereva wa lori la mahindi: njoo siku ya wazazi, hadithi ya binti wa Olbalbal itasimuliwa mbele za watu.

Mwalimu aliniita ofisini.

“Hadithi yako imeshinda,” alisema. “Ila binti mwenye uchawi, hapana. Wazazi watasema tunafuga wachawi hapa. Nimemfanya morani.”

“Shikamoo, Mwalimu,” nilisema, kwa kuwa nilikuwa nimesahau kumwamkia. “Yule mvulana wa pete, kwenye kitabu chako, si mchawi?”

“Yule ni shujaa.”

“Na Nasinyari?”

“Usinijibujibu, binti! Na atakayeisoma si wewe. Atasoma Daudi, ana sauti.”

Alinionyesha daftari langu. Kila penye jina la Nasinyari alikuwa amepitisha wino mwekundu, na juu yake akaandika Lemayani. Alimwongezea na mkuki. Nikasoma haraka mpaka mwisho, na hapo nikaona kitu alichokisahau kukibadilisha. Ningeweza kumwambia. Nilinyamaza makusudi, wala sijawahi kutubu.

Lakini nyumbani nililia. Mama angepanda lori kutwa nzima aje kumsikiliza binti wa Olbalbal, na binti huyo hayupo. Shangazi aliendelea kusugua vibuyu. “Mwenye nguvu mpishe, mwanangu,” alisema. Nilimwambia nimewapisha wenye nguvu katika vitabu vyote vya sandukuni, inatosha.

Siku ilipofika mama alikuja, shuka zake zina vumbi la safari, shanga zinalia akitembea. Alikaa kwenye nyasi karibu na wazee kadhaa wa Olbalbal na wa kijiji cha Piyaya waliokuwa na watoto shuleni kwetu, na shangazi akawa anamtafsiria taratibu kwa Kimasai. Daudi alisoma vizuri, sina la kumlaumu. Mikuki ilipinda, watu wakaguna. Kisha akasoma: “Ndipo morani Lemayani akatupa mkuki wake, akachukua kibuyu, akachutama chini ya ng'ombe, akaanza kukamua.”

Kwetu kukamua ni kazi ya wanawake. Morani hachutami chini ya ng'ombe, hata kama dunia inakwisha. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, “Morani anakamua? Kwani boma hilo wanawake wamehama?” Nyasi zote zikalipuka kwa kicheko. Mwalimu Elia alitutazama huku na huku, hajui kinachochekwa. Asiyejua maana haambiwi maana.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikasimama. “Si morani!” nikapaza sauti. “Ni Nasinyari. Ni msichana!”

“Kaa chini!” Mwalimu alifoka.

Sikukaa. Ndipo mama akasimama pia, akasema kwa Kimasai, na shangazi akatafsiri kwa nguvu ili wote wasikie: “Mwacheni amalize. Mimi nimepanda lori kwa ajili ya huyo msichana.” Wazee wakatikisa vichwa kukubali, wakasema huyu binti sasa ndiye anayejua kukamua, aendelee. Niliisimulia bila daftari, kutoka kibuyu mpaka matapishi ya zimwi, na hakuna aliyecheka tena ila pale nilipotaka wacheke.

Jumatatu nilichapwa fimbo nne. Zawadi, kitabu kutoka sandukuni, alipewa Daudi. Mwalimu alinirudishia daftari bila kunitazama usoni.

Leo Karatu ina lami na hoteli, na magari ya watalii yanapita mfululizo kwenda kreta kutazama wanyama. Vitabu vya mjukuu wangu vimejaa wasichana wanaopaa na kuzima mioto kwa kidole. Jirani zangu wengine bado wananionya kwamba vinafundisha mabinti uchawi. Nawauliza swali lilelile la yule mvulana wa pete.

Juzi mjukuu alilichomoa daftari langu kwenye sanduku la nguo, akaanza kusoma kwa sauti. Nilijikaza nikingoja amtaje Lemayani. Hakumtaja. Akasoma Nasinyari, Nasinyari, mpaka mwisho. Nilivaa miwani nikachungulia: miaka imekula wino mwekundu, penseli yangu imebaki.

“Bibi,” akauliza, “haya madoa ya waridi juu ya jina lake ni ya nini?”

“Kuna mtu alijaribu,” nikamjibu.