Shati Lililokatwa Bila Karatasi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka vizuri na bado sijaielewa. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, na chuo kimoja cha ufundi hapa Thika kilikuwa kimeniomba niwapime wakimbizi waliosomea ushonaji. Mwenye karakana ya sare kule Ruiru alikuwa na nafasi moja ya kazi, na angemchukua yule ambaye ripoti yangu ingempendekeza.

Mama Neema, aliyetoka Kivu, aliitamani nafasi hiyo kuliko wote. Alikuwa ameshona tangu usichana wake. Mtihani ulikuwa kunishonea mimi shati, na kanuni zilitaka mtahiniwa achore vipimo kwenye karatasi ya kaki kabla ya kugusa kitambaa. Yeye alinitazama mabega mara moja, akakunja kitambaa, akashika mkasi. Nilipomwuliza karatasi iko wapi, alicheka.

"Mukubwa, shati utavaa wewe ao karatasi?"

Wenzake wakacheka pia. Mimi niliandika: hakuchora. Ilikuwa kweli tupu. Nafasi akapewa mwingine.

Wiki iliyofuata mkufunzi wao, Mwalimu Wanjiru, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alinipa lile shati, ambalo Mama Neema alikuwa amelimaliza, akaniamuru nilivae. Lilinikaa sawasawa, mabegani hata kiunoni. Nikajitetea kwamba kanuni sikuzitunga mimi.

"Kijana," akasema taratibu, "wewe uliangalia meza isiyo na karatasi. Mikono yake hukuiangalia."

Nilikwenda Ruiru nimelivaa. Mwenye karakana aligeuza kola, akachunguza mshono wa bega, akaniuliza mbona hayo sikuyaandika. Lakini yule aliyepewa nafasi alikuwa ameshaanza kazi. Naye pia alikuwa mkimbizi, naye alichora vizuri. Mwenye karakana akaniuliza: je, nilitaka afukuzwe? Nimelizungusha swali hilo miaka yote hii bila kufika popote. Mama Neema alirudishwa darasani, akachora kola za karatasi pamoja na waliokuwa wakijifunza kutia uzi sindanoni.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipewa fomu ya kumpima mtu aliyefika na ujuzi wake mikononi, mwache kwanza amalize. Livae shati, ndipo uandike. Na fomu ikikosa nafasi ya ulichokiona, andika pembeni. Sina hakika kama hayo yangemtosha Mama Neema. Lakini yangekuwa mwanzo.

Mungu akujalie macho yenye subira, na kalamu isiyoyatangulia.