Jani la Sale Mfukoni mwa Baba

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu Kariakoo ilikuwa kubeba maneno. Duka la Baba na duka la kaka yake, Baba Mkubwa, yalitazamana, barabara moja katikati, na yote mawili yaliuza viatu. Baba Mkubwa ndiye aliyemleta Baba mjini na kumfundisha biashara. Baba alipofungua duka lake palepale mbele, na viatu vilevile, wakaacha kusemeshana.

"Manka, mwambie baba yako gari lake limeziba mlango wangu."

Navuka, nasema.

"Mwambie baba yako mkubwa barabara ni ya serikali."

Narudi, nasema. Wasukuma mikokoteni walikuwa wakinicheka: "We mtoto, kaa hapo katikati uwe redio!"

Kila Desemba sote tulikwenda Kilimanjaro kwa Bibi, mama yao, kila familia na basi lake. Nyuma ya kihamba cha Bibi, shamba lake la migomba, kuna kilima chenye kichwa cha jiwe tupu. Siku moja baada ya Krismasi wanawe walikuwa na desturi ya kupanda hadi juu, kuomba wakiwa wameelekea kilele cha Kibo, kisha kushuka kula. Mwaka nilioingia darasa la tatu, kwa mara ya kwanza niliruhusiwa kwenda nao.

Njia ni mbili. Ya mgongoni inazunguka kilima, ndefu, ya nyasi, watu wawili wanatosha kutembea bega kwa bega. Nyingine ni mwamba wenyewe. Unapanda kwa mikono na miguu, unashika ufa, unatafuta pa kukanyaga, unajivuta, na aliye nyuma yako anasubiri umalize. Wanaume wa kwetu hujivunia hiyo.

Asubuhi ile Bibi alikwenda mpakani akakata jani la sale. Ni mmea wa majani marefu ambao Wachaga huupanda kwenye mipaka ya vihamba, na jani lake likifungwa fundo ni ombi la msamaha. Anayeletewa hawezi kulikataa, hata awe ametendewa nini. Bibi alilifunga akampa Baba.

"Anaeli, mpe kaka yako hili kwanza. Mwamba ule haubebi ndugu wenye kinyongo. Kama hutaki kumpa, basi piteni mgongoni."

"Mama, mimi nimeokoka. Mambo ya majani niliyaacha."

"Umeokoka vipi, na kaka yako humsalimii?"

Baba akacheka, akalitia jani mfukoni mwa koti. Alilikunja taratibu, asilivunje. Hilo nilikuja kulifikiria baadaye sana.

Usiku kulikuwa na mvua. Tulipofika njia panda, Baba Mkubwa aliugusa mwamba, akafuta kiganja kwenye suruali.

"Manka, mwambie baba yako jiwe limelowa. Tupite mgongoni."

Baba alikuwa amesimama karibu kiasi cha kusikia hata kaka yake akipumua.

"Mwambie baba yako mkubwa na mimi nimezaliwa hapa."

Akavua viatu, akavifunga kamba pamoja akavitundika shingoni, akaanza kupanda. Baba Mkubwa alimtazama mpaka alipopita ufa wa kwanza, kisha akanishika mkono tukazunguka. Njia nzima alisema jambo moja tu: "Pa kukanyaga nilimwonyesha mimi. Alikuwa mdogo kuliko wewe."

Tulifika juu, Baba hayupo. Tukachungulia ukingoni. Alikuwa chini yetu kidogo tu, kifua kimegandana na jiwe, mkono mmoja ndani ya ufa, mguu ukipapasa bila kupata kitu. Maji membamba yalikuwa yakishuka pembeni mwake. Baba Mkubwa akalala kifudifudi. Mkono wake ungemfikia, niliona kabisa. Baba akainua uso, akamtazama kaka yake, kisha akanitazama mimi.

"Manka," alisema huku akihema, "mwambie baba yako mkubwa anipe mkono."

"Baba Mkubwa, Baba anasema umpe mkono."

Baba Mkubwa hakuunyoosha.

"Aseme mwenyewe," alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyesubiri miaka mingi kuitwa.

Nikainama nimpelekee Baba jibu, ingawa alikuwa amekwisha kulisikia. Ndivyo nilivyozoea. Sikufika mwisho wa sentensi. Mguu wa Baba uliteleza.

Hakuanguka mbali. Jiwe bapa lilimpokea, lakini mguu ulikuwa chini ya mwili wake. Baba Mkubwa alishuka kwa mwamba uleule uliolowa, akiita, "Anaeli! Anaeli wee!" Sikuwahi kumsikia akitaja jina hilo. Vijana wa jirani walileta kamba wakasaidia kumteremsha, ila kumbeba hadi nyumbani Baba Mkubwa hakumwachia mtu. Alimbeba mgongoni.

Bibi alipokuwa akimvua koti, jani likadondoka, fundo lake bado zima. Baba Mkubwa akaliokota.

"Ulikuwa nalo?"

"Nilitaka nikupe tukifika juu," Baba alisema.

Baba Mkubwa akakaa chini kwenye vumbi, akalia kwa sauti mbele yetu sote. Bibi hakusema kwamba alionya. Aliingia jikoni kuchemsha maji.

Mguu haukunyooka tena. Duka la Baba lilififia, likafungwa, na mimi shule iliniishia kidato cha pili. Siku hizi nauza viatu dukani kwa Baba Mkubwa. Baba anashinda nyumbani Mchafukoge, ghorofa ya tatu, maana ngazi zinamshinda.

Najua jiwe lilikuwa limelowa, na jiwe lililolowa linateleza hata kwa ndugu wanaopendana. Hata hivyo namwamini Bibi. Nadhani Bibi hakuujua mwamba ule zaidi ya wanawe walivyoujua. Aliowajua ni wao. Njia ya mgongoni ingewaweka bega kwa bega kwa muda mrefu, bila mteja, bila barabara katikati, na jani lingetoka mfukoni kabla ya kufika juu. Nikiwaza hivyo ninaumia, kwa sababu njia ile ilikuwa wazi mbele yetu na mvua haikuiharibu.

Jana jioni tulikuwa tunafunga duka.

"Manka, kamuulize baba yako kama amesha..." Baba Mkubwa akaweka kufuli mkononi mwangu. "Acha. Naenda mwenyewe."

Akajipenyeza kati ya mikokoteni, polepole, maana naye amezeeka. Nilisimama na kufuli mkononi nikamtazama akivuka barabara ile ya kati ya maduka, akielekea kwa Baba. Ni nyembamba. Ilikuwa nyembamba hivyohivyo miaka yote.