Mzee Pasi na Kamba ya Kisima

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Mzee Pasi, na jina lilimkaa kuliko shati. Kwanza alikuwa dobi. Pili, maneno yake yalikuwa ya moto na yalinyoosha. Ukimpelekea shati lenye doa, alikuuliza doa limetoka wapi kabla hajakuuliza unalitaka lini.

Alifua mashuka ya wodi ya wazazi, kila siku ila Jumapili, kwa miaka thelathini. Mtu akianika mashuka miaka yote hiyo, anajifunza kuisoma hewa. Shuka zito likikauka kabla chai ya saa nne haijapoa, Mzee Pasi alijua kuwa hewa ina kiu. Likifika alasiri na pindo bado bichi, aliwaambia majirani waanue vitu vyao, na mara nyingi hakukosea.

"Maji hayakauki, yanahama," aliwaambia wateja waliokuja kuchukua nguo. "Asubuhi nimeanika mashuka arobaini yanatiririka. Sasa yako wapi maji yale? Yamepanda juu bila ngazi. Huko yanawakuta wenzao waliotoka baharini, ziwani na kwenye majani ya miti. Juu kuna baridi, yanashikana, yanakuwa wingu. Wingu likishiba linamwaga. Ndiyo yale yale, jamani. Maji uliyooga leo, babu yako aliyafulia."

"Basi aliyafulia vibaya," mkewe alijibu kutoka jikoni, "maana yananuka sabuni yako."

Kisima chake alikichimba mwenyewe mwaka alipooa, nyuma ya nyumba, hatua kumi kutoka kwenye kamba za kuanikia. Kamba ya ndoo aliifunga mafundo, kila fundo mkono mmoja kutoka kwa mwenzake. Mwaka ule wa kwanza ndoo iligusa maji kwenye fundo la tisa. Yeye hakuandika popote. Kamba ilikuwa daftari lake, na kiganja chake ndicho kilichosoma.

Sasa nieleze kosa, kwa maana kosa lilikuwapo, na lilifanywa na mtu mwenye akili zake timamu, mchana kweupe, huku akipongezwa.

Ua wa Mzee Pasi ulikuwa wa udongo. Mvua ikinyesha, matone yaliruka na tope likapanda hadi kwenye pindo za mashuka. Katikati ya ua palikuwa na mti mkubwa wa kivuli, na ndege wa mti ule hawakuheshimu kazi ya mtu. Shuka likitoka jeupe kama theluji ya picha, ndege mmoja tu aliliharibu. Miaka sita iliyopita, Mzee Pasi alichoka. Alimwita shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye alikuwa mwashi.

"Shemeji, nataka ua wote uwe simenti. Ukuta kwa ukuta. Mvua ikinyesha, maji yatoke mbio hadi mtaroni, nisione hata dimbwi."

"Na mti?"

"Mti ndio wa kwanza."

Mkewe aliutazama mti ukianguka, akasema neno moja tu: "Ndege wamekunya hapa miaka ishirini na minne, na mashuka yalikuwa meupe." Hakusikilizwa.

Ua ukang'aa. Majirani walikuja kuutazama kama wanavyotazama bibi harusi, na shemeji mwashi hakukosa kazi mwaka ule wala uliofuata. Nyumba baada ya nyumba, mtaa mzima ukavaa saruji. Aliyebaki na ua wa udongo alikuwa mmoja, Mwokaji wa nyumba ya pili, ambaye alisema pesa zake ziko kwenye tanuri na miti yake inampa kivuli cha kupumzikia baada ya moto. Watu walimcheka. Mzee Pasi alimcheka kuliko wote.

Kisima kikaanza kushuka. Fundo la kumi na moja, la kumi na tatu. Mwaka wa tano, la kumi na tano. Mwaka wa sita, kiangazi kilipokaza, ndoo ilishuka hadi fundo la kumi na saba, ikarudi na tope zito kama uji. Mashuka ya wodi yalianza kutoka na rangi ya chai. Muuguzi mkuu aliyarudisha mara mbili. Mara ya tatu alikuja mwenyewe.

"Mzee wangu, mimi nakuheshimu. Lakini mama anayejifungua siwezi kumlaza kwenye shuka la namna hii. Nakusubiri mpaka masika yaishe. Kisima chako kisipokaa sawa, kazi hii nitampa mwingine."

Mzee Pasi hakulala vizuri. Kazi ile ndiyo iliyosomesha watoto na ndiyo iliyobaki kumshikilia uzeeni. Mtu mwenye hofu hutafuta mwizi, na wa kwanza kumwona ni jirani. Mwokaji alikuwa na kisima pia, tena alikuwa na pampu ya umeme iliyonguruma kila asubuhi. Basi Mzee Pasi alitoka na ndoo yake ya tope hadi dukani, wateja wakiwa kwenye foleni ya mikate, akaiweka juu ya meza.

"Hii ndiyo kazi yako! Pampu yako inaninyonya!"

"Mzee Pasi, umeniunguza mbele za watu," Mwokaji alijibu huku akipangusa unga mikononi. "Mimi nakanda unga, sikandi maji ya jirani. Pampu yangu inajaza pipa moja tu kwa siku. Ondoa ndoo yako, inaniogopeshea wateja."

"Mwizi hakosi neno!"

"Na mwenye hasira hakosi aibu. Nenda salama, jirani."

Wateja walicheka, na kicheko kile kilimfuata Mzee Pasi hadi nyumbani.

Siku nne baadaye mvua ya kwanza ilinyesha, na haikunyesha kidogo. Ilipiga tangu saa sita hadi saa tisa. Mzee Pasi alisimama mlangoni akaishangilia, "Njoo, njoo, jaza!" Maji yalitua kwenye saruji, yakakusanyika, yakakimbia kama watoto waliosikia kengele ya kutoka shuleni. Yalipita chini ya lango hadi mtaroni, yakaungana na maji ya nyumba zote, mtaro ukajaa, ukafurika. Mtaa wa bondeni watu walikuwa wakitoa maji vyumbani kwa masufuria.

Asubuhi yake alishusha ndoo. Fundo la kumi na saba. Tope lile lile.

Akiwa bado ameinama, alisikia sauti juu ya ukuta. Ilikuwa ya Mwokaji.

"Jirani, lete hiyo kamba yako uje upime kwangu. Uliniita mwizi, basi kagua nyumba ya mwizi."

Alikwenda akiwa amenuna. Ua wa Mwokaji ulikuwa wa udongo na majani makavu, nao ulizama kidogo chini ya viatu kama mkate uliotoka sasa hivi. Hapakuwa na dimbwi hata moja. Alishusha kamba, akahesabu kwa kiganja. Maji yalikuwa kwenye fundo la kumi na nne.

"Juzi kabla ya mvua nilipima kwa ufito wangu mrefu," Mwokaji alisema. "Yalikuwa chini mkono mmoja zaidi. Hiki nacho kimeshuka miaka hii, tusidanganyane. Lakini mvua ikinyesha, kinapokea."

Mzee Pasi alichuchumaa, akaweka kiganja kwenye udongo. Kisha alirudi kwake akasimama katikati ya ua. Saruji ilikuwa imekwisha kukauka na kuwa moto. Mvua ya saa tatu nzima ilikuwa imepita juu yake kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa.

Alijua njia ya maji kupanda. Aliihubiri miaka thelathini, kila mteja aliisikia. Njia ya maji kushuka, kupita kwenye udongo polepole, mizizi ikiyafungulia mlango, hadi kwenye mishipa ya kisima, hiyo hakuwahi kuifikiria hata siku moja, na ndiyo aliyoiziba kwa mkono wake, kisha akawafundisha majirani waizibe. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wahenga hawakusema anaingia akiwa amevaa saruji.

Kosa lililofanywa kwa kutojua ni bahati mbaya. Likishajulikana na kuachwa, ni dhambi. Mzee Pasi alikuwa na ubishi mwingi lakini hilo alilijua. Kabla ya chai alikwenda dukani, foleni ikiwa ndefu, akasimama pale pale alipoweka ndoo.

"Juzijuzi nilimwita mtu huyu mwizi mbele yenu. Leo nasema mbele yenu, mwizi ni mimi. Jirani, nisamehe."

Mwokaji alichukua mkate mmoja, akamkabidhi.

"Huu uliungua kidogo, kama wewe. Chukua, hakuna bei."

Shemeji mwashi alipoitwa alidhani anaitwa kuziba ufa.

"Nataka tuvunje," Mzee Pasi alisema.

"Tuvunje nini?"

"Simenti."

"Shemeji! Kazi yangu? Hiyo haina hata ufa wa unywele!"

"Ndiyo ubaya wake."

"Dada, mumeo anaumwa?"

"Alikuwa anaumwa," mkewe alijibu akimpa mdogo wake sululu. "Sasa amepona. Piga."

Walivunja siku tatu. Chini ya kamba za kuanikia walimwaga kokoto, ili mvua ipite na tope lisiruke. Jambo dogo ambalo lingeweza kufanywa miaka sita iliyopita kama mtu angetulia akafikiri. Kando ya ukuta walichimba shimo refu kuliko mtu, wakalijaza mawe, na maji ya bati la nyumba wakayaelekeza humo. Maji ya sabuni aliyawekea mfereji wake mbali na kisima. Mahali pa mti wa zamani, mkewe alipanda mche, hakumwomba mtu ruhusa.

Mzee Pasi hakuishia kwake. Alipita nyumba moja hadi nyingine na kamba yake mkononi. Wengine walimcheka kama alivyomcheka Mwokaji, na alivumilia, kwa kuwa alistahili. Nyumba nne zilikubali. Shemeji mwashi alipata kazi tena, sasa ya kubomoa, akasema mtaa huu umemlisha mara mbili kwa sakafu ile ile.

Masika yalinyesha wiki saba. Wiki ya pili fundo lilikuwa lile lile, na Mzee Pasi akakosa hamu ya kula. Wiki ya tatu, la kumi na sita. Wiki ya tano hakutaka kupima, akamtuma mkewe.

Alisikia kamba ikiteleza, kisha *chubwi*, mapema kuliko alivyotarajia.

"La ngapi?"

"Subiri, kiganja changu si cha dobi." Mkewe alihesabu kwa sauti, taratibu, makusudi kabisa, kama anayemtesa. "Kumi na mbili."

"Hesabu tena."

"Kumi na mbili, baba watoto. Njoo uonje."

Alikuja. Maji ndani ya ndoo yalikuwa maangavu, ukitia mkono hadi chini unaona ukucha wako. Halikuwa fundo la tisa, na huenda halitakuwa tena maishani mwake. Miaka sita haifutwi na msimu mmoja wa masika. Lakini pumzi aliyoishusha pale kisimani alikuwa ameibana tangu kiangazi. Alikaa kwenye ukingo wa kisima, akapangusa uso kwa upande wa nyuma wa mkono, na mkewe akajifanya hakuona.

Muuguzi mkuu alipokuja siku ya mwisho wa masika, alikuta mashuka arobaini kambani. Alishika pindo la moja, akaligeuza upande wa pili, akanusa.

"Haya," alisema. "Kesho nakuletea mengine. Yatakauka lakini? Mbona wingu limefunga?"

Mzee Pasi alishika shuka lililokuwa karibu, akasikia ubichi wa pindo.

"Hayatakauka," alisema, na tone la kwanza likampiga kipara. Mkewe alitoka mbio na beseni, akianza kuanua huku akimlaumu kwa kusimama tu. Yeye alikuwa akitazama chini, kwenye kokoto, ambako kila tone lilitua na kutoweka.