Machicha ya Hopsi na Mfereji Uliogoma

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimepiga magoti mbele ya sufuria kubwa nyumbani kwangu Mamboleo, mdomo umebana mfereji wa sufuria hiyo, napuliza mpaka mashavu yananiuma. Ndani mlikuwa na lita arobaini za bia changa ambazo hazikutaka kutoka. Ukutani, ndani ya fremu ya kioo, ilining'inia diploma yangu ya utengenezaji wa bia, niliyoipata Ujerumani kwa alama za juu. Vitu hivyo viwili havikuelewana, na mimi sikuelewa kwa nini.

Niliporudi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, watu walisema sitafika popote. "Huyu alipanda ndege kwenda kujifunza kuchemsha pombe," jirani mmoja alisema dukani nikisikia, "na nyanyake alijua bila hata kuvuka hapo Otonglo." Duka zima likacheka. Pap Onditi yote, kwetu, haikuwa imetoa mtu mwenye elimu hiyo kabla yangu, tena niliisoma kwa lugha niliyojifunza kwa mwaka mmoja tu. Hayo si majivuno, ndivyo ilivyokuwa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenisikiliza. Bwana Ochieng alikuwa na hoteli ndogo ufuoni, ana leseni yake, na alitaka hoteli iwe na bia yake yenyewe.

"Karatasi nimeiona," akaniambia. "Sasa nitengenezee bia nyumbani, uniletee mtungi mmoja. Ikitoka safi kwa mfereji, kazi ni yako. Lakini wageni wangu si ng'ombe, sitawanywesha majani. Nakupa miezi mitatu, halafu naita mtu kutoka Nairobi."

Majani aliyoyasema ni hopsi, maua makavu ya Ulaya yanayoipa bia uchungu na harufu yake. Nilikuwa nimebakiwa na pakiti tatu nilizokuja nazo sandukuni. Pakiti tatu, mapishi matatu, basi. Na nilikuwa nimekaa karibu miaka miwili bila kazi.

Pishi la kwanza nilichemsha kimea kama nilivyofundishwa, nikatia maua kwa saa yake, nikapoza, nikafungua mfereji. Ilitoka glasi mbili. Kisha tone. Kisha tone jingine. Kisha kimya. Nilipochungulia nikaona maua yameloa, yamekatika vipande, yamejazana kwenye tundu kama pamba sikioni. Nikasema mfereji ni mbovu, nikaimwaga bia, nikanunua mfereji mwingine soko la Kibuye.

Pishi la pili nikafunga kitambaa cha pazia kwenye tundu kwa ndani. Kikaziba upesi kuliko mara ya kwanza. Hapo ndipo nilipopiga magoti na kupuliza. Ikatoka, mwanangu, ikatoka kweli, nikaijaza kwenye mtungi nikiimba. Baada ya wiki moja ikawa siki. Kila kilichokuwa mdomoni mwangu nilikuwa nimekipuliza ndani ya bia, mimi niliyepata alama za juu kuliko wote katika somo la usafi.

Nikageuza ndoo nikaikalia, nikachanganyikiwa. Ni maji ya ziwa? Ni maua yaliyozeeka njiani? Ni mtu amenifanyia jambo? Chuoni kulikuwa na mashine ndefu kama nyumba ya ghorofa. Upande huu uliingia uji wa majani, upande ule ukatoka mchuzi safi wa kimea, na kazi yetu ilikuwa kubonyeza vitufe. Kila sehemu ya mashine ile niliijua jina. Ilichokifanya tumboni mwake sikuwahi kukiona.

Mzee Ogola, msusi wa migono ya kuvulia samaki, alikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikuja kwa kufuata harufu.

"Nasikia siki," akasema. "Siku hizi unauza siki, Bwana Diploma?"

"Ni mifereji, Mzee. Wanaitengeneza vibaya."

"Yote miwili?"

Nikamwonyesha ule mpya wa Kibuye.

"Baba yako alikuwa mzee wa kanisa. Wewe hujawahi kukaa kwenye chungu cha pombe ya busaa, sivyo?"

"Sijawahi."

"Kumbe." Akacheka polepole, akifuta macho. "Wamempa mtu leseni ya lori, na hajawahi kupanda baiskeli."

Akaenda kwake akarudi na mrija wake wa kunywea, ule ambao sisi Wajaluo tunauita oseke, mrefu kuliko mtu. Kwenye ncha yake kulifungwa kichungio kidogo kilichosukwa kama mgono. "Wazee kumi wanakunywa chungu kimoja," akasema, "na hicho chungu kimejaa makapi. Umesikia mzee gani amekabwa na kapi?"

Akanisukia kichungio kikubwa, urefu wa mkono wangu, cha kuvisha kwenye tundu la mfereji kwa ndani. Nilikichemsha kwanza kabla ya kukitumia. Hilo nililijua mimi, si yeye.

Pishi la tatu, pakiti ya mwisho. Nilipomaliza kupoza nikakoroga vizuri, nikafungua mfereji wote. Bia ikaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Kisha ikakonda. Kisha tone. Kisha kimya.

Mwanangu, sijawahi kuchanganyikiwa hivyo, kabla wala baada. Kichungio kilikuwa kizuri, nilikuwa nimekiona kwa macho yangu. Nikaenda kwa Mzee Ogola. Mficha uchi hazai, nami siku hiyo sikuwa na kitu cha kuficha tena.

Alipofika hakuutazama mfereji. Alitazama ndani ya sufuria.

"Ulikoroga lini?"

"Sasa hivi, kabla ya kufungua."

"Kwa nini?"

Nikauweka mwiko chini.

"Funga, nyathina," akasema, yaani mwanangu. "Sasa kaa."

Tukakaa karibu saa nzima. "Kijana mgeni kwenye chungu anajulikana upesi," akaniambia. "Anasukuma mrija mpaka chini, halafu ananyonya kama amekasirika. Makapi yote yanamkimbilia. Wenzake wanavuta kidogo kidogo wanashiba, yeye amebaki kuvimba mashavu. Na hakuna anayemwambia. Wanataka kucheka kwanza."

Kisha akaufungua mfereji kidogo sana, bia ikatoka nyembamba kama uzi wa kushonea nyavu. Kikombe cha kwanza kilikuwa na vumbi, akanirudishia nikimimine juu taratibu. Cha pili kikatoka na rangi ya chai isiyo na maziwa. Uzi ule haukukatika mpaka mtungi ukajaa, na machicha ya hopsi yakabaki chini yamelala kama kiota.

Wiki tatu baadaye, hamira ilipokwisha kufanya kazi yake, Bwana Ochieng aliinua glasi dirishani, akaizungusha, akatafuta jani.

"Majani umeyapeleka wapi?"

"Yamebaki nyumbani."

Akanywa, akafuta mdomo. "Jumatatu, saa mbili asubuhi." Niliifanya kazi hiyo mpaka miaka ya tisini inaisha, na niliowafundisha wote walianza kwa kukaa kimya mbele ya sufuria.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Ukipika, yaache maua yatulie kabla ya kufungua, weka kichungio kipana, fungua kidogo, na usipulize kamwe. Na katika mambo mengine pia, kinachoziba ukikisukuma hukaza zaidi. Simama, funga, acha uchafu utue, halafu anza kidogo kidogo. Ukichanganyikiwa, usikae juu ya ndoo peke yako kama mimi. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeviunda pengine anakaa nyumba ya tatu kutoka kwako. Kamwulize ungali na pakiti tatu.

Mungu akupe mikono safi na moyo usio na pupa. Ukichelewa, uchelewe kwa sababu unangoja kilicho chema, na siku utakapofungua, kitoke safi, kiwatoshe wote walioketi nawe.