Majibu ya Protase

Laurensia wa Ihanda hakuwa na haya na kondomu. Mwaka 1990, akiwa mwaka wa tatu chuo kikuu Dar es Salaam, alizifuata mwenyewe zahanati mchana kweupe, wenzake wakimkonyeza. "Konyezeni tu," aliwaambia. "Kwetu Karagwe tumezika wa kutosha."

Yeye na mchumba wake Protase, mwanafunzi mwenzake kutoka Kituntu, hawakuwahi kulala pamoja bila mpira, hata siku moja. Walipanga wakihitimu wapime, wafunge ndoa, kisha watafute mtoto. Laurensia alikwisha kumpa jina huyo mtoto, jamani!

Likizo ya mwisho akafa Kamugisha, utingo wa malori, rafiki wa Protase tangu utotoni. Alivyokonda, hakuna aliyeuliza ameugua nini. Walipotoka matangani Protase alimvuta Laurensia migombani.

"Mimi na Kamugisha tulifanya mkago," alisema. "Mwaka juzi."

Laurensia alikaa chini. Mkago wa wazee aliujua: mnachanjana tumboni, kila mmoja anapaka damu yake kwenye buni, mnabadilishana, mnameza, mmekuwa ndugu. Msomi mzima! Mpira hakuusahau kamwe, halafu damu ya mtu akaimeza akicheka!

"Niliona udugu," Protase alisema. "Damu sikuiona."

Walikwenda hospitali pamoja, wakatolewa damu, wakaambiwa warudi baada ya wiki tatu. Siku ilipofika Laurensia alisubiri mlangoni mpaka saa saba. Protase hakutokea. Akaingia peke yake, akaambiwa hana virusi. Alipouliza ya mwenzake, muuguzi alitikisa kichwa. "Majibu ya mtu ni ya mtu, dada. Aje mwenyewe."

Akaenda moja kwa moja hadi Kituntu, akamkuta anapalilia.

"Twende ukachukue majibu. Kama unavyo, tutatumia mipira mpaka tuzeeke. Kama huna, tutazaa. Mimi nakutaka wewe, Protase. Nakutaka!"

"Nikijua nitakufa," alijibu bila kuinua macho. "Olewa, Laurensia."

Alimngoja miaka minne. Usiku mwingine alimtamani hadi akauma shuka. Mwishowe akaolewa na mwalimu mpole, naye pia akamtaka apime kwanza, maana hilo hakulegeza kwa mtu yeyote.

Mwaka 1997 alikutana na Protase gulioni, amenenepa, mashavu yanang'aa, mkungu begani. Hakuwa ameoa. Laurensia alisimama na mtoto wake mgongoni, moyo unamwenda mbio kama wa msichana.

"Ulikwenda kuchukua?" alimuuliza.

"Bado," alisema Protase, akamtazama mtoto. "Anaitwa nani?"

Laurensia alimtajia. Lilikuwa jina la mkwe wake, si lile alilolichagua zamani.